Kidole Kwenye Ukurasa wa 212

Chini ya maktaba ya chuo, Aberdeen,
ghorofa ambayo lifti huifikia kwa kusitasita,
nina meza, taa mbili, na kamera inayotazama chini
kama mtu aliyeangusha sindano.
Kazi yangu ni kufunua.
Kurasa mia nne kwa saa, siku nikiwa na moyo.
Mia tatu, mvua ikinyesha. Basi andika mia tatu.

Juu wanabomoa.
Makabati ya kadi yameondoka Jumanne,
droo sitini, kila moja na ulimi wake wa shaba.
Bi Elspeth Geddes, mstaafu, alikuja na kofia ya sufu kuyaaga.
Akavuta droo ya herufi M hadi mwisho,
akanusa.
"Hii niliiandika mimi," akasema,
"na kosa hili pia ni langu."
Akaitia kadi mfukoni. Mlinzi akatazama dirishani.

Palipokuwa na rafu sasa pana viti vya rangi ya chungwa
na soketi nyingi kuliko madirisha.
Wanafunzi wamejaa, sikatai,
wamejaa kuliko zamani; hata usiku wa manane utawakuta,
nyuso zimepakwa samawati na skrini,
wanasoma makala za Lima na Seoul bila kuinuka kitini.
Na Ruaridh, yule kijana asiyeona,
kitabu kinajisoma chenyewe masikioni mwake,
kitabu ambacho mwaka juzi kingemngojea
mtu mwenye huruma na saa mbili za bure.
Hilo silibezi. Kitabu hicho nilikifunua mimi.

Mali bila daftari hupotea bila habari:
baba aliyaandika hayo kwenye jalada la daftari la duka.
Sisi tumepindua. Daftari tunalo, linang'aa,
linajibu kabla hujamaliza kuuliza;
mali ndiyo iko bohari ya Dyce, karibu na uwanja wa ndege,
kwenye baridi iliyopimwa,
na anayejua njia ya kuifikia ni mkono wa chuma.

Mwezi wa pili ikaja barua pepe
kutoka Saskatoon, kwa Oksana Hrynchuk,
mtafiti anayehesabu samaki wa zamani.
Daftari la mapipa ya heringi, 1871.
Ukurasa wa 212, mstari wa tisa.
*Samahani, kuna kidole.*

Kilikuwa changu.
Ndani ya glavu nyembamba kama ganda la kitunguu,
kimelala juu ya tarakimu kama paka juu ya gazeti.
Miaka minne kimelala hapo,
na mashine inasema kimetazamwa mara elfu moja na sita.
Nilifundishwa kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.
Kumbe kinaweza kufuta wiki nzima ya mtu baharini.

Nikajaza fomu. Fomu ikataka nywila. Nywila ilikuwa imekwisha muda.
Siku ya tatu daftari likaletwa ndani ya sanduku la kijivu,
likinuka chumvi, au mimi nilitaka linuke chumvi.
Mstari wa tisa,
mwandiko wa mtu mwenye haraka, au mwenye baridi:
mapipa kumi na saba.
Na pembeni, kwa penseli hafifu
ambayo kamera haikuiona kabisa: *moja limevuja*.

Nikamjibu Oksana yote mawili.
Akasema, basi ni kumi na sita.
Nikasema, yule aliyeandika hakukata kumi na saba.
Tukabishana siku mbili, kwa adabu,
juu ya pipa moja.

Fedha za kupiga picha upya hazipo.
Mkuu wa kitengo amesema kidole hakimdhuru mtu.
Basi nimekikuza kwenye skrini, nikakitazama vizuri:
chini ya glavu, ukucha una wekundu wa hina.
Harusi ya Saumu.
Kwa hiyo ilikuwa wiki ya kwanza ya Agosti,
nilikuwa nimerudi kazini jana yake, na usingizi machoni.
Hilo halimo kwenye katalogi,
na hakuna aliyeandika kuliuliza.